Uzi Mweupe: Maisha ya Mwalimu Theonest Pasikali Ntabindi, 1973–2014

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu na wanafunzi mliotoka Kibondo na mvua hii, ndugu na majirani wa Heru Juu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Karatasi mliyogawiwa ina wasifu wa kurasa mbili. Huu ninaousoma ni mrefu kidogo kuliko huo. Mkiona maneno yangu hayafanani na yaliyochapwa, msidhani mmeruka mstari.

Marehemu Mwalimu Theonest Pasikali Ntabindi alizaliwa tarehe 17 Februari 1973 hapa hapa Heru Juu, Kasulu, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa marehemu Mzee Pasikali Ntabindi na Mama Epifania, ambaye tuko naye hapa mbele. Mama alikuwa amejifungua watoto wanne akadhani amemaliza. Alipozaliwa huyu wa tano, dada yake wa kwanza, Yusta, alikuwa na miaka kumi na sita, akakabidhiwa mtoto na mbeleko siku ileile. Yusta huyo ndiye anayewasomea. Mpaka Theonest alipoanza kutembea, watu wa kijiji walizoea kuwaona wawili hao kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili.

Mwaka 1981 aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya kijijini. Mwalimu wake wa kuandika alikuwa dada yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza ualimu. Hakupendelewa. Aliandika herufi S kinyume kwa muhula mzima, na kila siku alibaki darasani kuirudia. Siku moja alikuja nyumbani na nyoka mfu kwenye ungo wa mama, amemviringisha vizuri kama mkufu, akasema, "Dada, huyu ni S. Sasa nimeelewa." Mama alitoka jikoni kwa mlango wa mbele wakati mlango wa nyuma ulikuwa karibu zaidi. Ungo ule haukupepeta tena kitu katika nyumba yetu. Lakini tangu siku ile S zake zilinyooka, na tangu siku ile hakuacha kuwatazama nyoka.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1987, kidato cha nne Kasulu mwaka 1991, na kidato cha sita mwaka 1994 huko Tabora. Alipata stashahada ya ualimu mwaka 1997 na shahada ya ualimu wa sayansi mwaka 2006. Masomo yake yalikuwa baiolojia na kemia. Kemia aliifundisha kwa sababu alipangiwa. Baiolojia aliifundisha kwa sababu hakuweza kunyamaza.

Ajira yake ya kwanza ilimpeleka Kibondo, tarehe 1 Julai 1997, na Kibondo hakuhama tena, isipokuwa ile miaka mitatu ya chuo kikuu. Wanafunzi wake mnakumbuka alivyofungua mada ya uainishaji. Aliweka mezani chupa tatu za spiriti zenye nyoka, akauliza, "Nani ndugu ya nani?" Mkawapanga kwa rangi. Akacheka. Mkawapanga kwa unene. Akacheka. Kisha akasema kuwa hata wataalamu wa zamani walifanya kosa linalofanana na hilo: waliwapanga nyoka wenye sumu kwa meno, wenye meno ya mbele huku, wenye meno ya nyuma kule, wasio nayo upande wao. Kumbe meno ya sumu si kitambulisho cha ukoo. Katika mamilioni ya miaka, kwenye koo mbalimbali, meno yamebadilika kila moja kwa njia yake, na katika ukoo mkubwa wenye nyoka wengi wasio na madhara, wamo wachache wenye meno ya nyuma wanaoweza kuua mtu mzima. "Kwa hiyo," alikuwa akisema, "ukimjua kaka, usidhani umemjua na mdogo wake."

Tarehe 22 Desemba 2001 alifunga ndoa takatifu na Veronica, karani aliyehamishiwa Kibondo kutoka Musoma. Veronica ametueleza mwenyewe alivyochumbiwa. Alimkuta mwalimu mmoja amepiga magoti pembeni ya barabara, anahesabu magamba ya nyoka aliyekanyagwa na lori. Akamuuliza kama anaumwa. Theonest akamjibu, "Sina neno, ila ngoja kidogo, usiniharibie hesabu." Akangoja. Mungu aliwajalia watoto watatu: Asnath, Nickson na Tunu.

Septemba 2012, watafiti wa chuo kikuu walianza kazi ya kuchunguza nyoka wenye sumu wa nyanda hizi za juu, asili yao na ukoo wao, kuanzia Kakonko mpaka Munanila. Walihitaji mtu mwenyeji. Theonest akawa mtu huyo, na hiyo ikawa furaha kubwa ya maisha yake. Kila sampuli alihesabu magamba, akapima urefu, akakata kipande cha ini, akakiweka kwenye kichupa ili chembe za urithi zikasomwe maabara. Wawili aliowapata Munanila mwaka jana walikuwa na hesabu ya magamba isiyolingana na kitabu chochote. Majibu yao hayajarudi. Alikuwa akiyasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtoto wake.

Mwaka huohuo wa 2012 dada yake Yusta alistaafu. Alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa wameshaondoka nyumbani, hivyo Theonest akamchukua Kibondo. Akampa daftari. Alisema mwandiko wa dada yake ndio mwandiko pekee anaouamini, maana ndio aliochapiwa fimbo kwa ajili yake.

Sasa naomba mnisikilize utaratibu wa kazi hiyo, kwa sababu bila kuuelewa hamtaelewa jinsi alivyofariki.

Wakulima walileta nyoka hai ndani ya madumu madogo ya mafuta, mfuniko umetobolewa kwa msumari. Dumu lilipofika, Yusta alifunga uzi shingoni mwa dumu hilo. Uzi mwekundu: ana sumu, hafunguliwi bila ndoano na glovu. Uzi mweupe: hana madhara, anashikika kwa mkono. Na kama humjui, hufungi uzi wowote. Unakaa na aliyemleta, unajaza ukurasa mzima wa daftari: jina lake, kijiji, saa ngapi, nyoka alikuwa chini au juu ya mti, alifanya nini aliposhtuliwa. Dumu lisilo na uzi lilihesabiwa kuwa na sumu mpaka Theonest mwenyewe athibitishe. Utaratibu huo aliutunga yeye, na kwa sampuli mia mbili na kumi na moja haukukosea hata mara moja.

Kwenye karatasi mliyo nayo, aya inayofuata inasema: "Tarehe 5 Aprili 2014 marehemu aligongwa na nyoka katika mazingira ya kutatanisha." Mwenye kalamu naomba ayakate maneno hayo manne ya mwisho. Hakuna kinachotatanisha. Kuanzia hapa sitasema "dada yake" tena. Nitasema mimi.

Ijumaa tarehe 4 Aprili, saa tisa na nusu alasiri, Theonest alikuwa Kakonko kikazi. Nilikuwa nimeshavaa, natoka kwenda kwenye Njia ya Msalaba, na mimi ndiye niliyekuwa niongoze sala za jumuiya yetu. Ndayikeza akaingia uani na baiskeli yake. Wengi wenu jina hilo mmelisikia wiki hii, na mmelisikia vibaya. Ndayikeza ni mkulima wa Kitahana. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972, yeye amezaliwa Kitahana, na amemletea mdogo wangu sampuli kumi na saba. Alishusha dumu, akavua kofia.

"Mama mwalimu, hii inzoka sikuikuta chini," aliniambia. "Ilikuwa juu ya mti, imenyooka, nikajua ni kijiti kikavu. Nimetaka kukivunja."

Nilichungulia. Nikaona nyoka mwembamba, wa kijivu, kichwa chembamba. Kwa miaka miwili nilikuwa nimefunga nyuzi mia mbili na zaidi, na nilishaanza kujiona mtaalamu. Nikasema, "Weka hapo. Ni wa majani tu."

"Lakini mama, imevimbisha shingo, hivi. Sijaona wa majani anafanya hivyo."

Kengele ya kanisa ilikuwa inalia. Kumjaza ukurasa Ndayikeza si kazi ya dakika tano, maana haelezi jambo bila kuanzia shambani. Nikamwambia neno ambalo naomba Baba Paroko anisamehe kulirudia mbele ya watoto. Nilimwambia, "Nyie Warundi maneno hayawaishi." Nikachukua uzi mweupe, nikaufunga mbele ya macho yake. Alinitazama, akavaa kofia, akaniambia, "Haya, mama. Wewe ndiye unajua." Nikaenda kanisani kuongoza vituo kumi na vinne, na sauti yangu siku hiyo ilikuwa nzuri.

Jumamosi saa tatu asubuhi Theonest alirudi. Nilimsikia uani akipiga mluzi. Aliona uzi mweupe, akafungua dumu, akaingiza mkono. Hakuchungulia kwanza, kwa sababu uzi ulikuwa nimeufunga mimi. Nyoka alimuuma katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akang'ang'ania akitafuna. Hakupiga kelele. Alimbandua taratibu, akamrudisha, akafunga mfuniko. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada, niletee uzi mwekundu."

Nilipotoka nao nilimkuta ameshafungua ule mweupe na kuutia mfukoni mwa shati. Aliufunga mwekundu mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno. Akaandika saa ya kuumwa kwenye kiganja. Akamwambia Veronica waite bodaboda, waende hospitali, wasikimbie.

Alikuwa ni yule nyoka wa matawini anayejifanya kijiti, mmoja wa wale wa meno ya nyuma katika ukoo wa wapole. Hospitalini alipokewa na Daktari Rashid, kijana wa Tanga, ambaye tunamshukuru sana, hakuondoka kitandani kwake. "Mwalimu, dawa niliyo nayo ni ya kifutu na swila," daktari alimwambia. Theonest akajibu, "Najua, daktari. Huyu wangu dawa yake haijatengenezwa popote. Andika tu kila kinachotokea, itawafaa wengine."

Siku ya kwanza alikaa kitandani anasahihisha madaftari ya kidato cha pili, tukadhani sumu imemkosa. Jumapili fizi zilianza kutoka damu. Jumatatu ilitoka puani na kwenye kila tundu la sindano. Walimu wenzake na wanafunzi wa kidato cha sita walipanga foleni kumtolea damu, na kila chupa iliyoingia mwilini ilikuwa kama imemwagwa nje. Jumanne ilipangwa apelekwe hospitali ya rufaa, lakini Daktari Rashid alisema asingefika. Mwalimu Theonest alifariki dunia Jumatano, tarehe 9 Aprili 2014, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Kila aliyemtembelea alimuuliza ilikuwaje. Kila mmoja alimjibu jibu lilelile: "Nilimshika vibaya." Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema, na aliusema kwa ajili yangu.

Jumatatu mchana tulibaki wawili. Nikaanza: "Theo, ule uzi..." Hakuniacha nimalize. Aliniuliza, "Ukurasa umejaza?" Nikasema bado. Akasema, "Muulize Ndayikeza. Usimwandikie kwa maneno yako, andika alivyosema yeye." Kisha akatoa uzi mweupe kwenye mfuko wa shati lililotundikwa kitandani, akaniwekea kiganjani. "Huu urudishe kwenye kopo lake." Akafumba macho. Hakusema amenisamehe. Na mimi sikumwomba, maana kumwomba kungekuwa kulisema jambo lenyewe, na niliogopa Veronica angerudi na uji akanisikia.

Sasa nisikilizeni kosa la pili, kwa sababu la kwanza naweza kulisingizia kengele. La pili sina cha kusingizia.

Alhamisi, tukiwa kwenye matanga, Baba mdogo Venanti alisema mbele ya ukoo, "Mwanangu amekamata nyoka miaka ishirini na mitano ya maisha yake, hajaumwa. Iweje aje kuumwa na aliyeletwa na Mrundi? Huyu nyoka katumwa." Watu wakaguna kukubali. Mtu akasema Ndayikeza alikuwa anagombea mpaka wa shamba na jirani anayehusiana nasi. Mwingine akasema mkewe anajua miti. Baba mdogo akamaliza: "Tumzike kwanza. Tukishamzika, tutamalizana naye." Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mkono wangu unagusana na wa Baba mdogo. Uzi ulikuwa kwenye fundo la kitenge changu. Nikaomba chai. Ndugu zangu, hicho ndicho nilichofanya. Niliomba chai, ikaletwa, nikanywa.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Nestori, aliyefundisha na marehemu, alinipigia simu kutoka Kibondo. Aliniambia vijana wameng'oa maharage ya Ndayikeza, na mkewe, Ininahazwe, amehamishia watoto kanisani Kitahana wanalala kwenye mabenchi. Aliniuliza, "Mama Yusta, kuna mtu wa familia anaweza kusema neno?" Nikamjibu, "Yupo." Nikamwomba aje na Ndayikeza leo, kwenye gari lake, ambebe hata kama hataki. Ndiyo maana kamati iliyopitisha karatasi hii haikuyaona haya ninayoyasoma. Baba mdogo, unisamehe kwa kukuficha. Wewe ulikuwa na uchungu, hukujua. Mimi nilikuwa najua.

Mama, nisamehe. Ulinikabidhi mtoto siku aliyozaliwa, nimekurudishia hivi. Veronica, Asnath, Nickson, Tunu, sina neno la kuwatosha. Mkitaka nisirudi kwenye nyumba ile, nitaelewa, nitabaki hapa Heru Juu. Sumu ya yule nyoka haikutumwa na mtu. Ilikuwa ndani yake tangu kabla binadamu hajawepo, na mdogo wangu alitumia maisha yake kutufundisha namna ya kuijua. Kilichomuua ni kwamba mtu alinieleza ukweli na mimi nikamtazama yeye badala ya kusikia alichosema. Kijana wa ukoo huu atakayemgusa Ndayikeza baada ya leo, apite kwangu kwanza. Nyumba yangu mnaijua.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane mmoja, watoto watatu, kaka wawili na dada wawili, mimi nikiwa mmoja wao. Ameacha wanafunzi wa miaka kumi na saba. Ameacha nyoka mia mbili na kumi na mmoja walioandikwa sawasawa, na wawili kati yao, wale wa Munanila, ambao huenda siku moja wakapewa jina ambalo bado hawana. Na ameacha ukurasa mmoja mtupu.

Ukurasa huo ni wa sampuli namba 212. Daftari nimekuja nalo, hili hapa, na kalamu ninayo. Kila sehemu ni tupu isipokuwa ya chini kabisa, ambayo nimeijaza leo asubuhi. Naisoma: "Aliyefunga uzi: Yusta Pasikali Ntabindi. Rangi: nyeupe. Imekosewa."

Zilizobaki si za kujazwa na mimi peke yangu. Mwalimu Nestori, nakuona kule barabarani, na nayaona magurudumu ya gari na miguu ya mtu aliyejificha nyuma yake. Mpisheni apite. Nestori, mlete mpaka hapa, akae kwenye kiti hiki cha familia, nami nitasimama. Hatutashusha jeneza mpaka ukurasa umejaa, kwa sababu mwenyewe aliniagiza, na ni agizo lake la mwisho.

Mungu ampokee mdogo wangu Theonest, ampe pumziko lenye amani ambalo mimi sikumpa.

Karibu, Ndayikeza. Nisamehe kwa lile neno. Anzia shambani, kama unavyopenda. Alikuwa chini, au alikuwa juu ya mti?